Moyo Unaotangulia Wiki Nane

Saa kumi na dakika saba alasiri, moyo ulianza kukimbia.

Ulikuwa ndani ya mtungi wa kioo, juu ya meza ya chuma, katika chumba cha tatu cha Kituo cha Moyo Lubala, na ukubwa wake haukuzidi pera lililoiva. Mwenye moyo huo hakuwapo. Alikuwa kilomita sita kutoka hapo, akirudi nyumbani kutoka shule aliyofundisha, amevaa mkanda kifuani chini ya sweta. Kila pigo la kifua chake lilifika mtungini papo hapo, na moyo wa mtungini ukaliiga.

"Mia na nane," alisema Mzee Ambakisye, mtunza mitungi. "Mia na kumi na tisa. Daktari, njoo uone."

Dk. Mwantumu Sechambo alikuwa tayari amesimama nyuma yake. Hakutazama moyo. Alitazama mfuko mweupe, laini, uliofungwa nyuma ya moyo mahali ambapo kwa binadamu pangekuwa na mapafu, na namba ya shinikizo iliyokuwa ikipanda juu ya mfuko huo. Ishirini na moja. Ishirini na nne. Mstari mwekundu ulikuwa kwenye ishirini na tano.

Ishirini na nane.

Mfuko ulivimba. Tone la kwanza lilijipenyeza kwenye ngozi yake, likaning'inia, likadondoka kwenye sahani iliyokuwa chini. Kisha la pili. Baada ya dakika kumi na moja sahani ilikuwa na mililita tisa za maji yaliyochanganyika na wekundu hafifu, na moyo ukaanza kutulia, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani akaketi.

"Umefurika," alisema Ambakisye. "Mara ya pili."

"Tarehe na saa."

"Nimeshaandika, daktari." Mzee alipangusa kioo kwa kitambaa, pale pale kilipokuwa safi. "Binti wa watu. Ikija ya tatu?"

Wote wawili walijua kanuni. Moyo ukifurika mara tatu kabla ya wiki ya ishirini na nane, jopo la madaktari hukaa siku hiyo hiyo. Katika miaka sita ya kituo, jopo lilikuwa limekaa mara kumi na nne, na mara kumi na tatu lilishauri mimba isitishwe.

Moyo ule ulikuwa umeoteshwa kutokana na damu ya Atuganile, yule mwalimu mwenyewe. Vali yake ilichongwa kwa kufuata picha za vali ya mama: mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, ulioachwa na makovu na homa ya utotoni ambayo ilianza kama maumivu ya kawaida ya koo. Mlango wa mtu mzima mwenye afya hufunguka sentimita nne za mraba au zaidi. Wa Atuganile ulifunguka moja na nukta tatu. Kwenye moyo wa kwanza waliouotesha walijaribu kuupanua mlango kwa puto, ukachanika. Basi puto likaondolewa kwenye mazungumzo, na ukaoteshwa huu wa pili, ambao kazi yake ilikuwa moja tu: kutangulia. Mimba ya Atuganile ilikuwa na wiki ishirini na nne. Mtungini ilikuwa wiki ya thelathini na mbili, wiki ambayo damu ya mjamzito hukaribia kilele chake, karibu nusu ya ziada juu ya kawaida. Mzigo ambao Atuganile angeubeba miezi miwili baadaye, moyo ule ulikuwa unaubeba leo.

"Siku zote ni saa kumi," alisema Dk. Mwantumu, akivuta grafu za wiki tatu. "Asubuhi anatembea kwenda shule, tisini na mbili. Darasani, themanini. Saa kumi na kitu, mia na ishirini. Anakutana na nini saa kumi?"

"Labda mvua."

"Mvua haipandishi mapigo."

"Huku kwetu haipandishi. Nyie watu wa Pangani mkiona wingu mnakimbia kama paka."

"Mvua tunaijua, mzee. Inayonyesha siku mia tatu kwa mwaka ndiyo hatuijui." Alizima taa ya meza. "Mwite kesho. Aje kabla ya saa sita."

*

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Usiseme kitu kwanza."

Atuganile alikaa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba wa mikono, na tumbo lake lilianza kuisukuma sweta ya shule. Dk. Mwantumu aliweka kipimo kifuani, upande wa kushoto, akafumba macho. Mngurumo wa chini ulikuwapo pale pale ulipokuwa wiki iliyopita. Mapafu yalikuwa makavu. Miguu haikuvimba. Alisogeza kipimo tumboni akasikiliza mtoto, mia na arobaini na nne, kisha, jambo ambalo halikuhitajika kwa uchunguzi, akamvisha mama masikio ya kipimo ili naye asikie.

Atuganile alisikiliza kwa muda mrefu. "Ana haraka," alisema.

"Yeye anaruhusiwa. Wewe huruhusiwi." Daktari alifungua daftari la mgonjwa. "Umeandika hapa: natoka shule saa kumi kasoro dakika kumi, natembea polepole, njia tambarare, dakika ishirini. Jumatatu hivyo. Jumanne hivyo. Siku zote, neno kwa neno."

"Ndiyo."

"Mwalimu, wanafunzi arobaini wakikuletea jibu la hesabu linalofanana neno kwa neno, unafanyaje?"

Atuganile alitabasamu kidogo, akatazama chini. "Nawaita mmoja mmoja."

"Basi nimekuita."

Nje, mvua ilikuwa ikishuka juu ya migomba ya kituo. Mkanda ungeweza kueleza kila kitu kama ungejua mahali ulipo, lakini mikanda ya kituo haikujua. Miaka sita nyuma, wajawazito wa wilaya nzima waliulizwa, wakakataa kwa kura kuvaa kitu kinachowafuata njiani. Walikubali kihesabu mapigo tu. Dk. Mwantumu aliona wakati ule kwamba wamekosea. Baadaye aliona kwamba ni haki yao kukosea.

"Kuna mtu anakaa njia panda," alisema Atuganile. "Kwenye kibanda cha kukusanyia maziwa. Tangu mwezi uliopita. Anakaa kwenye kigoda chake kuanzia saa tisa na nusu."

"Anakusumbua?"

"Hapana! Hapana, daktari, hata kidogo. Ni..." Alifunika mdomo kwa kiganja, akasema maneno yaliyobaki ndani ya kiganja. "Ni baba yake Lusajo."

Lusajo alikuwa mume wake, mchimbaji kwenye visima vya mvuke upande wa pili wa mlima, aliyerudi nyumbani kila mwisho wa mwezi.

"Baba mkwe wako."

Atuganile aligeuza uso kama aliyesikia tusi.

Dk. Mwantumu alikuwa ameishi milimani miaka sita na aliwahi kusikia habari hizo, lakini alizidhani za vitabuni. Mkaza mwana wa ukoo ule haonani na baba mkwe. Hapiti mbele yake, hamtaji jina, haingii chumba alichomo. Si chuki. Ni heshima, na ilikuwa imehimili lami, umeme, na mitungi yenye mioyo.

"Kwa hiyo unapita wapi?"

"Bondeni. Nashuka mtoni, napandia nyuma ya migomba. Ni haraka haraka, maana pale juu kuna sehemu iko wazi, anaweza kugeuka."

"Na hukuandika."

"Kumwandika kwenye daftari la hospitali ni kumtaja, daktari."

Daktari aliweka kalamu chini. Katika maswali yote aliyoyatunga kwa ajili ya fomu ile, hakuna lililouliza mgonjwa anamheshimu nani.

"Likizo," alisema. "Nakuandikia uache kazi hadi ujifungue."

"Nikiacha kazi nitashinda nyumbani. Na nyumbani ndipo anaposhinda yeye. Si nitakimbia kutwa nzima?"

"Kitanda hapa hakipatikani kabla ya wiki ya thelathini." Daktari alifikiri. "Wanajua una ugonjwa wa moyo?"

"Wanajua nina presha."

"Nani aliwaambia presha?"

"Mimi." Atuganile alikunja kona ya sweta, akaikunjua. "Lusajo anajua ukweli. Wengine hapana. Nyumba ile ilimzika dada yake, alikufa akijifungua. Wakijua, watanitazama kama jeneza linalotembea. Miezi minne. Mama mkwe atakuwa analia kila nikiinua ndoo. Daktari, uliniambia siri yangu ni yangu."

"Ni yako."

"Basi zima." Sasa alimtazama usoni. "Mzee Ambakisye alinieleza, kuna swichi ya matengenezo, nusu saa kwa siku. Zima saa kumi, washa saa kumi na nusu. Ule wa mtungini usifurike. Jopo lisikae."

"Mzee Ambakisye anaongea sana."

"Nimebakisha kufurika kumoja tu. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Dk. Mwantumu, kwa sababu ilikuwa kweli. "Leo usirudi kwa njia hiyo. Una mtu wa kulala kwake?"

"Mwalimu mwenzangu. Ana nyumba pale shuleni."

"Siku mbili. Nipe siku mbili."

*

Saa tisa na dakika hamsini alasiri hiyo hiyo, daktari alisimama mbele ya lango la shule, amevaa koti la mvua na kihesabu mapigo cha kituo mkononi. Alishuka bondeni kwa njia ambayo Atuganile alimchorea. Alivuka mto juu ya mawe matatu. Alipanda. Hatua mia na arobaini na tatu, nyingine za udongo uliochongwa kwa jembe, zote zenye utelezi. Alijilazimisha kwenda haraka.

Juu, pale palipo wazi, aliinama nyuma ya mgomba akasoma kihesabu. Mia na thelathini na moja. Alikuwa na miaka thelathini na minane, vali nzima, hana mimba.

Aliweza kumwona mzee kwa mgongo. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya sufu, kigoda chini yake, hana gazeti wala simu. Alikuwa anatazama barabara tupu. Hapakuwa na maziwa ya kusubiri, gari la maziwa lilikuwa limeshaondoka. Jiwe liliteleza chini ya kiatu cha daktari, na mzee akainua kichwa kidogo, upande wa bondeni, bila kugeuka.

Alirudi kituoni amelowa. Katika chumba cha tatu moyo ulikuwa unadunda taratibu, sabini na sita. Maana yake ni kwamba kule shuleni Atuganile ameketi, huenda anasahihisha madaftari. Dk. Mwantumu alifungua ukurasa wa matengenezo. *Kata mawasiliano: hadi dakika 30.* Hakuna mtu angeuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akizikagua kumbukumbu hizo.

Alikaa mbele yake muda mrefu kuliko alivyotaka kukumbuka baadaye. Mtoto alikuwa na mapigo mia na arobaini na nne, na mama yake alisema ana haraka. Swichi ingewapa wiki nne, na wiki ya ishirini na nane ikipita kanuni ya jopo ingekwisha nguvu. Lakini swichi ingeuokoa mtungi. Mtungi usingefurika, mapafu ya Atuganile yangefurika yenyewe, wiki nane mbele, nyuma ya mgomba, na hapangekuwa na mtu aliyetangulia kuonywa.

Alifunga ukurasa.

"Mimi na yule mzee ni watu wa chai," alisema Ambakisye kutoka mlangoni. Alikuwa na taulo mkononi, akampa. "Tulisoma pamoja. Nikimwambia, yamekwisha. Maneno mawili tu."

"Mgonjwa amekataa."

"Mgonjwa ni mtoto."

"Ana miaka ishirini na sita na anafundisha aljebra. Ukisema maneno hayo mawili, mzee wangu, nitakuandikia barua ya kukufukuza, na nitalia nikiiandika, lakini nitaiandika."

Ambakisye alicheka, kisha akaacha. "Kwa hiyo huzimi na husemi. Utafanya nini?"

"Sijui." Alijifuta nywele. "Ninyi mlikuwa mnafanyaje? Mkwe akiwa na neno la lazima?"

"Alikuwa anatuma mtu."

"Na kama hakuna mtu?"

Mzee alifikiri. "Bibi yangu mzaa baba aliona moto kwenye zizi, na ndani ya zizi yuko baba mkwe wake, na nje hakuna mwingine. Akaugeukia ukuta. Akasema: *wewe ukuta, unaungua.* Ukuta ukasikia. Baba mkwe akatoka na ng'ombe wote."

Dk. Mwantumu aliacha kujifuta.

*

Alimweleza Atuganile kesho yake asubuhi, ndani ya chumba cha tatu, bila kupamba.

"Sitazima. Ukitaka kujua kwa nini, grafu hii hapa. Na sitasema kwa mtu yeyote. Ninachoweza kukupa ni chumba hiki, pazia, na huyu." Aligusa mtungi. "Ukitaka. Usipotaka, tutatafuta njia nyingine, na nakiri kwamba sijaiona."

Atuganile hakuwa ameuona moyo ule hapo kabla. Aliusogelea. Aliweka kiganja kwenye kioo chenye joto, na moyo ukaongeza kasi, kwa sababu wake uliongeza. Aliliona hilo. Akavuta pumzi, akaitoa polepole, mara tatu, na mtungini mapigo yakashuka: tisini, themanini na tano, themanini na moja.

"Kumbe ananisikia," alisema.

"Hasikii. Anaiga ishara."

"Sawa, daktari." Hakuondoa mkono. "Masikini. Nimemkimbiza kila siku na hana hata miguu."

Atuganile mwenyewe alimpigia simu Lusajo. Lusajo alimpigia baba yake. Saa tisa alasiri, Mzee Mwasandube, mpimaji wa misitu aliyestaafu, aliingia kituoni mvua ikimchuruzika, akasimamishwa upande mmoja wa pazia la kijani, mgongo kwa pazia. Atuganile alikuwa upande wa pili, mgongo kwa pazia vilevile. Mtungi uliwekwa juu ya kiti cha magurudumu katikati, pale pazia lilipoishia. Ambakisye alishika kiti. Daktari alisimama kwenye mlango, akitazama mfuko mweupe.

Pampu ilikuwa ikivuma.

"Wewe moyo," alisema Atuganile. Alivuta pumzi, akaanza upya. "Wewe moyo, mlango wako ni mwembamba. Uliugua ukiwa mdogo. Si presha. Nilisema presha kwa sababu niliogopa. Ukikimbia, damu hukosa muda wa kupita, inarudi mapafuni. Na wewe unakimbia kila siku saa kumi, pale bondeni, kwa sababu njia ya juu ina heshima yake. Umebakisha mara moja tu. Baada ya hapo, mtoto hatafika."

Ishirini na moja, ilisema namba juu ya mfuko. Ishirini na mbili.

Mzee Mwasandube alivua kofia. Alikamua maji, akaivaa tena, kisha akaivua.

"Moyo," alisema, "nimekusikia." Alikohoa. "Mimi nilikuwa na binti. Siku anaumwa uchungu nilikuwa msituni, napima miti. Niliporudi walikuwa wameshachimba. Sasa nimestaafu, sina miti. Nikasema huyu wa pili nitakaa mahali nijue amefika. Simwoni. Lakini mawe ya pale bondeni huwa yanalia akipita. Yakilia, najua amefika, nakunja kigoda naenda kunywa chai."

Ambakisye alikaza mikono kwenye kiti.

"Wiki hizi mbili," aliendelea mzee, "mawe yanalia, yananyamaza katikati, halafu yanalia tena. Nikajua anasimama kuhema. Nikadhani ni uzito wa mtoto. Moyo, nisamehe. Nilikuwa namlinda, kumbe namfukuza."

Ishirini na tatu. Dk. Mwantumu alipiga hatua moja mbele, akasimama.

"Wewe moyo," alisema Atuganile, machozi yakimtoka, pumzi akiihesabu. "Mwambie aliyesema hayo, hakuna deni."

"Kigoda nitakihamisha," alisema mzee. "Nitakaa nyuma ya kibanda, uso nimeugeuzia mlima. Lakini atajuaje kama nimegeuka?" Alifikiri kama mpimaji. "Nina kengele ya ng'ombe. Nitajifunga mwenyewe. Nikishageuka nitaipiga mara moja. Basi apite njia ya juu, polepole, kama malkia. Na mimi nitasikia viatu."

Ambakisye aliinama juu ya kiti cha magurudumu, mabega yakitikisika. "Mwasandube mwenye kengele," alisema. "Wanakijiji watakukamua."

"Wakamue," alisema mzee. "Moyo, umesikia?"

Mtungini, namba ilikuwa ishirini. Kisha kumi na nane.

*

Jumatatu, saa kumi kasoro dakika tano, Dk. Mwantumu aliketi mbele ya mtungi na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Ambakisye alijifanya anapanga chupa.

Saa kumi na dakika mbili: themanini na moja. Saa kumi na dakika saba: themanini na nane. Mfuko ulikuwa laini, sahani ilikuwa kavu. Mapigo yalikaa pale pale, themanini na nane, themanini na saba. Ndiyo mapigo ya mtu anayetembea njia tambarare na hana anayemkimbia. Kilomita sita kutoka hapo palikuwa na sauti ambayo mkanda haukuwa na uwezo wa kuituma.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili, mapigo yalishuka hadi sabini na tisa.

"Amefika," alisema Ambakisye. "Daktari, unacheka?"

"Nasoma namba."

Hazikumaanisha kwamba yamekwisha. Zilibaki wiki kumi na tano, vidonge viwili kwa siku, na mlango wa sentimita moja na nukta tatu ambao hakuna kengele ingeupanua. Alijua hivyo, na angemwambia Atuganile hivyo siku ya kliniki. Alifungua kumbukumbu. Fomu ilimtaka ajaze chanzo cha kufurika. Aliandika: *Heshima.* Alifikiri kufuta, akaacha. Kwenye mstari uliofuata, *hatua iliyochukuliwa*, palikuwa na nafasi ya jina la dawa na idadi.

Akaandika: *Kengele ya ng'ombe, moja. Saa kumi alasiri, kila siku ya shule.*

Akaweka sahihi.